Gari ya Paa la Kukunja Haipandi Bei kwa Kulala Chini ya Mvinje

Jumatatu nimepigiwa simu tena, ya nne hii tangu mwaka uanze. Kijana wa Casuarina hapa Malindi, adabu nzuri, ananiita ami, anasema marehemu babake kawaachia Mercedes 350SL ya 1973, iko chini ya turubai miaka tisa haijaguswa, na ndugu wamekubaliana wasiuze kwanza, "maana hizi ami kila mwaka zinapanda, na gari ya zaidi ya miaka minane hairuhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo nyengine haitakuja." La miaka minane ni kweli. Hilo la kupanda kwa kulala ndo limenikalisha usiku huu niandike.

Uzee peke yake hauna bei jamani. Hizi SL za Mercedes zina vizazi. Pagoda, yani W113 ya 1963 mpaka 1971, zilitoka 48,912 basi. R107 iliyokuja baada yake, ndo hiyo 350SL ya kijana, ilitengenezwa mpaka 1989 na zilitoka 237,287. R129 zilizofuata nazo ni kama laki mbili na elfu tano. Sasa mtu anayetaka R107 dunia hii ana nyingi za kuchagua, tena zilizolala gereji kavu, kwa nini aje kutoa pesa nzuri kwa iliyooza? Injini hainitishi, zile V8, za silinda nane, ni ngumu, spea zipo, Mercedes wenyewe wana Classic Center yao ya magari ya zamani Fellbach kule Ujerumani tangu 1993. Anayelipa vizuri analipia bodi.

Na bodi ya convertible, yani hii ya paa la kukunja, si bodi ya saluni, hapa ndo watu hawanielewi. Saluni ina paa la bati linaloshikana na nguzo, gari nzima inakuwa boksi moja. Hii haina paa, nguvu yote iko sakafuni na kwenye zile sili mbili chini ya milango. Ni kama dau, halina sitaha, mkuku ukioza limekwisha hata ulipake rangi gani.

Sasa sikia kinachooza. Chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya kuingiza hewa, R107 ina kama mfereji wa kupokea maji ya mvua na kuyatoa pembeni. Huku kwetu gari inaegeshwa chini ya mvinje kwa sababu ya kivuli, zile sindano za mvinje zinadondoka mle ndani, zinaoza zinakuwa kama matope, njia ya maji inaziba. Maji yanasimama juu ya ule ukuta wa kati ya injini na abiria, yanakula bati chini ya boksi la hita, yakishatoboa yanashuka kwenye kapeti, na kapeti ikilowa haikauki, inaila sakafu kimyakimya. Kwa nje huoni kitu! Mwaka jana nililetewa moja kutoka upande wa Mambrui, nyekundu, inang'aa unajiona uso, mwenyewe ameshalipa. Nikafunua kapeti ya dereva, uvundo, nikagusa na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini kama nachoma boflo lililolowa. Kwenye sili, chini ya rangi kulikuwa na fila, ule udongo wa kuzibia mashimo, na chini ya fila magazeti yaliyokunjwa. Mzee wa watu alikaa chini kwenye mchanga. Yule aliyeifanya ile kazi alijua anachokifanya.

Kwa hivyo kabla hujaongea bei, tafuta jeki. Inua upande mmoja nyuma kidogo ya tairi la mbele, halafu fungua mlango wa upande huo na uufunge taratibu. Ukifunga kama kawaida, sawa. Ukikwama, au ile nafasi kati ya mlango na bodi ikabana juu na kuachia chini, gari inapinda. Hapo nunua kwa bei ya spea au ondoka.

Turubai la plastiki nalo litupeni. Upepo wetu una chumvi na unyevu, plastiki inaufungia ndani, mchana gari inatoka jasho usiku inapoa, kila siku, miaka tisa. Shuka la pamba na kibanda kinachopitisha hewa vinatosha. Na paa la kitambaa lisikunjwe likiwa bichi. Wenye R129, kioo chenu cha nyuma ni plastiki, jua la hapa linakifanya njano, mafuta ya haidroliki yakianza kuwadondokea kichwani ni silinda za mbele za paa, na zile za katikati ya miaka ya tisini waya za injini hupukutika ganda, ziangalieni mapema.

Kwenye rangi sina msimamo, nasema ukweli. Niliwahi kupiga rangi upya 280SL ambayo ya kiwandani ilikuwa imefifia tu, ikatoka nzuri mno, na mpaka leo roho inaniuma, maana rangi ya asili ikishakwanguliwa hairudi na wanaojua wanaitafuta hiyo. Lakini rangi nyembamba huku pwani ni mlango wa chumvi. Nimekosea pande zote mbili, kila gari naamua upya. Majaji wa Concours, yale mashindano ya magari pale Ngong Racecourse Nairobi, wanainama mpaka chini ya gari, wanataka kuona bati safi, kwa hivyo chini ndo naanzia siku zote.

Jana nikaenda Casuarina. Tumeondoa turubai, tumetia jeki. Mlango wa kulia umefunga vizuri, wa kushoto umekwama, na kule kushoto ndiko mvinje uliko. Nimechota sindano nusu ndoo. Yule kijana alinyamaza kidogo akauliza, "Ami, tuiuze au tuitengeneze?" Nikamwambia kwanza itoke hapa chini ya mti leo hii, kapeti zote nje zikauke, Jumamosi naja na mashine ya kuchomelea tuikate ile sili tuone imeliwa mpaka wapi, kabla masika hayajaingia.