Intel au AMD? Anza na soketi, kisha soma namba

Ubishi wa Intel na AMD huendeshwa kama wa Simba na Yanga, na mnunuzi akiuingia kishabiki ataumia yeye. Kampuni zote mbili hutengeneza prosesa (ubongo wa kompyuta) nzuri na za kukwepa, tena kwenye maboksi yanayofanana, na tofauti yake wakati mwingine ni herufi moja. Kwa hiyo mimi jina la kampuni naliacha mwisho.

Kwanza jua kinachokuchelewesha sasa. Fungua gemu unayocheza, weka programu ya MSI Afterburner ionyeshe takwimu pembeni mwa skrini, na uzime V-Sync (mpangilio unaofunga fremu kwenye kasi ya monita). Usipoizima, monita ya 60Hz itakufungia kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde na utamlaumu asiyehusika. Tazama matumizi ya kadi ya grafiki. Ikikaa asilimia 95 hadi 99 muda wote, prosesa mpya haitakuongezea kitu, pesa hiyo peleka kwenye kadi. Ikicheza kwenye 60 au 70 huku picha ikikwama-kwama, prosesa ndiyo inayoburuta wenzake. Asilimia ya jumla ya prosesa usiiamini: yenye kori (viini vya kuchakata) 6 na thredi (mikondo ya kazi) 12 inaweza kuonyesha 30 tu, ilhali thredi moja iliyobeba gemu imejaa pomoni. Kamba hukatikia pembamba. Ukitaka uhakika, shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Fremu zisipopanda, kadi haina kosa.

Jaribio hili hutoa majibu tofauti kwa mtu yuleyule. Counter-Strike 2 na Valorant kwenye 1080p hulemea prosesa. Cyberpunk 2077 yenye mapambo yote ya mwanga hulemea kadi. Mwenye kadi ya RTX 3060 na monita ya 60Hz akiweka prosesa ya Intel Core i5-12400F au ya AMD Ryzen 7 7800X3D, macho yake hayataona tofauti, ila mfuko utaiona.

Baada ya hapo njoo kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), maana hiyo ndiyo ndoa yenyewe. AM4 ya AMD ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mazabodi nyingi za zamani, baada ya kusasishwa BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), zilikuja kubeba Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. AM5 ilianza Septemba 2022 na Ryzen 7000, ikafuatiwa na 9000, na AMD imeahidi kuitunza hadi 2027 na kuendelea. Upande wa Intel, LGA1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, ikaishia hapo. LGA1851 ilikuja Oktoba 2024 na Core Ultra 200S. Zinakula umeme kidogo kuliko zilizotangulia, ila kwenye gemu nyingi zilitoka zikiwa nyuma ya kizazi cha 14, na sioni sababu ya mchezaji kuanzia hapo.

Anayejenga kompyuta mpya ya gemu ya kukaa nayo miaka mitano, namshauri Ryzen 5 7600 juu ya mazabodi ya B650 (ya AM5), na ram mbili za GB 16 za DDR5-6000 (aina ya DDR5, kasi ya 6000). Kadi ataibadilisha mara moja, prosesa ataibadilisha mara moja, mazabodi itabaki. Mwenye bajeti ya kubana na ram za DDR4 tayari mkononi achukue i5-12400F au Ryzen 5 5600; zote zina kori 6 na thredi 12, na kwenye gemu zinakimbizana kwa karibu sana. Lakini kwa i5 hiyo soma jina la mazabodi vizuri: za LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na ram ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine hata ukilazimisha.

Sasa hizi Ryzen zenye X3D mwishoni mwa jina, zinazosifiwa kila kona. Prosesa huchakata haraka kuliko ram inavyoweza kuilisha, kwa hiyo muda mwingi husubiri. Keshi, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ni kama mpishi kukata vitunguu na nyanya mapema akaviweka mezani, asiende genge kila sufuria inapochemka. Ryzen 7 7700X ina MB 32 za keshi ya ngazi ya tatu. 7800X3D ina MB 96, kwa kubandikwa tabaka la keshi juu ya silikoni. Gemu zinazofuatilia vitu vingi kwa wakati mmoja, kama Factorio na Microsoft Flight Simulator, hunufaika sana, na fremu zile mbovu zinazoleta mikwamo hupungua. Gharama yake ni kwamba tabaka hilo huzuia joto kutoka, ndiyo maana 7800X3D inaishia 5.0GHz wakati 7700X inafika 5.4. Kwenye 9800X3D ya Novemba 2024 AMD walihamisha keshi ikawa chini ya kori, joto likapata njia, kasi ikapanda. Kwa Excel, Zoom na kivinjari chenye tabo 30, keshi hiyo yote ni pambo. Kazi hizo zinataka SSD na ram ya GB 16.

Mitego ya majina ni mingi, na ndiko watu wanakouziwa mbuzi kwenye gunia. Ryzen 7 5700 na 5700X zinaonekana ndugu wa damu. 5700X ina MB 32 za keshi na PCIe 4.0 (njia ya kadi kuwasiliana na prosesa), ile isiyo na X ina MB 16 na PCIe 3.0. Ryzen 5 5500 dhidi ya 5600 ni hadithi hiyohiyo. Ubaya unazidi ukiiunga 5500 na RX 6500 XT, kadi inayotumia njia 4 tu za PCIe: njia chache, tena za kizazi cha 3, na kumbukumbu ya kadi ikijaa gemu inaanza kuchechemea. Herufi F, kwa kampuni zote mbili, inamaanisha hakuna grafiki ndani. Kadi ikifa, huna hata picha ya kutafutia tatizo. Ryzen 7600 ina grafiki ndogo ndani, haifai kwa gemu nzito lakini inawasha skrini.

Kwa laptopu namba zinahitaji macho zaidi. Kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000 tazama tarakimu ya tatu: 7520U ni usanifu wa Zen 2, 7530U ni Zen 3, 7540U ni Zen 4, na Zen yenye namba kubwa ndiyo mpya. Zote zinaitwa Ryzen 5. Kwa Intel, stika ya i7 peke yake haisemi kitu. I7-6600U ina kori 2, na i5-8250U ya kizazi cha 8 iliyokuja mwaka 2017 ina kori 4. Hapo kwenye kizazi cha 8 ndipo pia ulipo mpaka wa Windows 11, na Windows 10 iliacha kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua kompyuta za ofisi zilizotumika kutoka Ulaya au Dubai asishuke chini ya mpaka huo, hata bei ikimchekea.

Kuhusu ubovu, hakuna aliye msafi. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Intel walitoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba, wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara mapya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Dalili yake inapotosha: gemu iliyojengwa kwa Unreal Engine inajifunga ikidai kumbukumbu ya kadi imekwisha, na mtu anabadilisha kadi bure. i9-13900K iliyotumika, isiyo na dhamana, mimi siigusi. Nao AMD mwaka 2023 walikuwa na X3D zilizoungua kwenye AM5 kwa sababu ya volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayohudumia ram), hadi wakaifungia isizidi volti 1.3. Kwa kampuni yoyote, BIOS mpya huwekwa kabla ya gemu ya kwanza.

Joto nalo lihesabu. Chumba cha Dar cha nyuzi 32 dhidi ya nyuzi 22 za wapima mitambo wa Ulaya ni nyuzi 10 zinazoongezwa karibu zote kwenye prosesa yako. Feni ya boksi ya i5-12400 au ya 7600 inahimili, ila itapiga kelele. Kipoozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120 kinatosha kabisa. i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253, na ukijumlisha kadi, UPS ya 650VA, ambayo hubeba takriban wati 360 hadi 390, itazimika katikati ya mechi. 7800X3D kwenye gemu kwa kawaida haifiki hata wati 90. Kompyuta ikiwa imetulia, mambo hugeuka: Ryzen za mezani za aina hii hula zaidi kidogo kuliko Intel. Na anayehariri video za kamera za H.265 za biti 10 4:2:2 (zenye rangi nyingi zaidi), Intel yenye grafiki ndani huzisoma kwa wepesi kupitia Quick Sync, sehemu yake ya kusoma video. Hapo ningemwelekeza Intel bila kusita.

Wakati wa kufunga, kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Ukitaka kung'oa kipoozeo cha zamani, washa kompyuta dakika kumi pesti ya joto iliyo kati yake na prosesa ilainike, izime, zungusha kipoozeo kushoto na kulia, ndipo unyanyue. Ukivuta moja kwa moja prosesa hutoka nayo na pini zikapinda. Kwa AM5 na LGA1700 pini ziko kwenye mazabodi, usidondoshe kitu humo. Ram mbili huwekwa nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza skrini hubaki nyeusi dakika kadhaa wakati inajifunza ram. Wengi huchomoa waya hapo, na kazi inaanza upya. Iache. Ikishawaka, ingia BIOS uwashe EXPO (mpangilio unaoipa ram kasi yake kamili), kisha ufungue Task Manager kwenye ukurasa wa kumbukumbu: ukikuta 4800 badala ya 6000, EXPO haijashika.