Maji ya bahari kuwa maangavu si ushahidi kwamba ni safi

Wengi huamini kwamba tangi la maji taka likivuja karibu na ufuo, harufu itatuambia, na kwamba chumvi ya bahari huua vijidudu vyote. Sivyo. Maji yanayotoka tangini hupenya mchangani na kusafiri chini ya ardhi, kisha huibukia baharini yakiwa maangavu, hayana harufu, lakini yamebeba nitrati, kemikali ya nitrojeni itokanayo na uchafu, na pengine virusi.

Chumvi na jua hudhoofisha haraka bakteria wa utumboni aina ya E. koli, lakini enterokoki, bakteria wengine wa utumboni, hustahimili zaidi, ndiyo maana wapimaji wa maji ya bahari huwategemea enterokoki. Hata hivyo, enterokoki hutoka pia kwa ndege na mbwa. Basi mtaalamu hutafuta alama ya binadamu, yaani kitu kinachoonyesha uchafu umetoka kwa watu, na hapa ndipo kazi inaponoga: sukralosi, ile sukari bandia, hupita mwilini na tangini karibu bila kubadilika. Ng'ombe hanywi soda! Ving'arishaji vya sabuni za kufulia navyo humeremeta chini ya mwanga wa urujuanimno, ingawa jua huviharibu upesi.

Sampuli moja haitoshi, hasa ikichukuliwa maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, ndipo yale ya chini ya ardhi huchuruzika zaidi kuelekea baharini.