Kitenzi kisaidizi si neno la ziada

Hapa Lubumbashi husikika mara kwa mara kwamba kusema «Mama alikuwa anapika», yaani kutanguliza kitenzi kisaidizi «alikuwa» mbele ya kitenzi kikuu, ni kuzungusha maneno, na kwamba desturi hiyo tuliiga kutoka Kifaransa cha shuleni. Dai hilo si sahihi. Kifaransa husema «elle cuisinait», kitenzi kimoja tu, mahali ambapo sisi tunatumia viwili. Tena katika «atakuwa amefika» kiambishi cha nafsi, a-, hurudi katika vitenzi vyote viwili, jambo ambalo halimo katika «il sera arrivé» ya Kifaransa.

Muundo huu umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, nao una kazi yake: kitenzi cha kwanza huonyesha wakati, cha pili huonyesha hali ya tendo, kama linaendelea au limekwisha. Katika «Mama alikuwa anapika mgeni alipobisha hodi», ukiondoa «alikuwa» na kuandika «alipika», umebadilisha maana, kwa sababu msomaji hajui tena kwamba wakati huo chungu kilikuwa bado motoni. «Niko napika» (yaani «ninapika sasa») inayosikika Katuba, mojawapo ya mitaa ya Lubumbashi, hufuata njia hiyohiyo, na kwa maoni yangu haistahili kudharauliwa.

Maneno ya kuzungusha yapo kweli, lakini ni mengine, kama «alifanya uamuzi wa kuondoka» badala ya «aliamua kuondoka». Kitenzi kisaidizi, kinyume chake, mara nyingi hufupika chenyewe kadiri miaka inavyopita: «amekwisha kula» imezaa «ameshakula», na -ta- ya «atakuja» ni mabaki ya kitenzi «taka».