Dhana potofu kuhusu kasi ya hifadhidata: RAM, kache na diski

"Hifadhidata ikijivuta, ongeza RAM." Hilo husaidia pale tu data inayosomwa mara kwa mara inapokosa nafasi kwenye kumbukumbu. Kama zinazoguswa ni GB 6 na seva ina GB 32, RAM zaidi haitabadilisha kitu. Kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata), tanguliza EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mbele ya swali (query) lako. Katika matokeo, "hit" ni kurasa (vipande vya data) zilizokutwa kwenye kache, yaani nakala iliyo kwenye RAM, "read" ni zilizotafutwa nje yake. Ukiona hit maelfu kwa swali linalorudisha rekodi 10, kinachokosekana yawezekana ni faharasa (index, orodha ya kutafutia rekodi haraka).

Wengine RAM wanayo, ila hifadhidata haijapewa. Mipangilio ya ukubwa wa kache, shared_buffers ya PostgreSQL na innodb_buffer_pool_size ya MySQL, huanza na MB 128 tu! Seva ikiwa ya hifadhidata peke yake, PostgreSQL anza na 25% ya RAM, kwa kuwa inategemea pia kache ya mfumo endeshi. Kuvuka 40% ni nadra kuleta faida. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, inaweza kupewa hadi 80%. Usinakili asilimia za mmoja kwa mwingine.

Dhana tunayoiogopa zaidi ni kwamba work_mem (kumbukumbu ambayo PostgreSQL hutumia kupanga data) kubwa haina madhara. Kiasi hicho ni cha kila kazi ya kupanga data, si cha seva nzima. MB 256, miunganisho 100, kila mmoja ukipanga mara mbili: GB 50. RAM ikiisha, Linux huua mchakato mmoja, na PostgreSQL hulazimika kukata miunganisho yote. Ipandishe kwa amri ya SET ndani ya muunganisho wa ripoti nzito tu.

"SSD (diski isiyozunguka) imemaliza tatizo la diski." Kwa kusoma, karibu kweli: diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja. Lakini kila muamala husubiri logi (rekodi ya mabadiliko) ifike salama diskini, na SSD isiyo na kapasita za kulinda data umeme ukikatika huweza kuchelewa sana hapo. Shusha pia random_page_cost (makadirio ya PostgreSQL ya gharama ya kusoma ukurasa wa nasibu) kutoka 4 hadi 1.1, la sivyo PostgreSQL itaendelea kukwepa faharasa kana kwamba diski bado inazunguka. Na ukiunganisha diski kadhaa kwa RAID, RAID 5 hugeuza andiko moja dogo kuwa kazi nne za diski. RAID 10, mbili.

Kuzima fsync (kulazimisha data ifike diskini) ili kuongeza kasi? Umeme ukikatika, hifadhidata nzima inaweza kuharibika. Afadhali kuzima synchronous_commit (muamala kusubiri logi ifike diskini): utapoteza miamala ya chini ya sekunde moja ya mwisho, lakini data iliyobaki itakuwa nzima. Kwa miamala ya fedha, usizime chochote.