Mtundu si mkaidi

Nimeletewa ripoti nyingine ya shule, na kwenye nafasi ya tabia mwalimu kaandika neno moja tu: mkaidi. Nikamuuliza mzazi, kijana kafanya nini? Anauliza maswali mno darasani. Jamani! Huyo ni mdadisi, na akizidi sana tutamwita mbishi. Ninafundisha Kiswahili, na nimechoka kuona neno hili likibandikwa kila mtoto anayemsumbua mtu mzima.

Hakuna ukaidi pasipo amri au onyo. Sharti mtu awe ameambiwa, ameelewa, kisha akafanya kinyume au akakaa asifanye. Ndiyo maana tunasema fulani amekaidi amri ya mahakama. Mtoto aliyeifungua redio ya babu kwa bisibisi aone kilichomo ni mtundu. Akikanywa leo, na kesho ukamkuta na bisibisi ileile, hapo ndipo ukaidi unapoanza.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya ubishi na ukaidi. Mbishi unamtuma maji, anakwambia zamu ni ya dada yake, mnavutana, mwishowe anabeba ndoo huku akinung'unika. Maji yamefika. Mkaidi huenda asibishe hata kidogo. "Sawa, mama," kwa adabu zote, na jioni pipa ni kavu. Wengi wanamwita mkaidi yule wa kwanza kwa sababu ya mdomo wake, na huyu wa pili wanamsifu kwa upole! Jeuri nayo ni dharau katika kujibu au kutenda. Mtu aweza kuwa jeuri na kazi akaifanya.

Uasi ni jambo zito zaidi. Mkaidi anavunja amri, mwasi anavunja utii wenyewe. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, waliowageukia maofisa wao Januari 1964 waliasi, maana walikuwa chini ya kiapo. Lakini Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani na kunyongwa Pangani mwaka 1889? Wajerumani walimwita mwasi, nami silikubali neno hilo kwao: hakuwahi kuwa mtu wao, amwasi nani? Penye ugumu ni kwa Sultani wa Zanzibar. Pwani ilihesabiwa kuwa milki yake, na ndiye aliyeikodisha kwa kampuni ya Wajerumani mwaka 1888. Kwa upande huo "mwasi" linaelekea kufaa, ila Abushiri alikuwa hamtii Sultani tangu kabla ya mkataba ule, na kwa hiyo hata hapo nasita kuliandika.