Kosa la Nusu Pikseli Lisikulaghai: Kusafisha Mpangilio wa Kamera kwenye Ramani za Droni

Katika mafunzo ya vitendo, vijana wetu walirusha droni juu ya kijiji tambarare cha pwani. Walipomaliza kuchakata picha kuwa modeli ya ardhi, yaani ramani yenye vimo, programu iliwaonyesha kosa lisilofika nusu pikseli (pikseli ni kijimraba kimoja kidogo cha picha), wakashangilia. Nikawaomba wanionyeshe maji ya mvua yataelekea wapi. Kwenye modeli yao katikati ya kijiji palikuwa pameinuka kama mgongo wa kobe, na maji yangemwagika kwenda pembeni. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu akatikisa kichwa: hapo katikati, penye kisima, ndipo maji yanapotuama kila masika.

Mzee alisema kweli. Ramani ya namna ile ikitumika kuchimba mfereji, watu watapata mafuriko ndani ya nyumba zao.

Chanzo kiko kwenye hatua ya kupanga kamera. Programu hutafuta kitu kilekile katika picha nyingi, iwe kona ya bati, jiwe au ufa wa sakafu, kisha hupitisha mwale kutoka kila picha hadi kitu hicho. Miale inapokutana, hapo pana nukta. Kwa maelfu ya nukta kama hizo inakokotoa mambo matatu kwa pamoja: kila kamera ilikuwa wapi, ilielekea wapi, na lenzi inapinda picha kwa kiasi gani. Kosa la pikseli linakwambia tu kwamba miale inakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Haliwezi kukwambia kama inakubaliana na ardhi. Picha zote zikipigwa kutazama chini moja kwa moja, kwa kimo kimoja na katika mistari sambamba, programu inaweza kukosea kidogo upindaji wa lenzi, kisha ikaipinda ardhi nzima kama kuba ili hesabu zikubali. Miale itakutana vizuri tu, na kosa litabaki dogo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko uwandani. Picha zipandane kwa asilimia 80 kwenye mstari wa kuruka na 70 kati ya mistari, kisha urushe mara ya pili kukatiza mistari ile, kamera ikiwa imeinamishwa nyuzi 20 hadi 30 kutoka kutazama chini moja kwa moja. Fokasi ifungwe, isibadilike angani.

Ukirudi mezani, unaanza kupepeta. Nasema kupepeta kwa makusudi, kwa sababu anayepepeta mchele anatoa chuya kidogo kidogo; akitikisa ungo kwa pupa, mchele nao unamwagika. Ungo wa kwanza unaondoa nukta zilizotokana na miale inayokaribia kuwa sambamba, ambazo kimo chake hakiaminiki. Wa pili unaondoa zile ambazo mahali pake kwenye picha hapakubainika vizuri. Wa tatu unaondoa zenye kosa kubwa la pikseli. Watumiaji wengi wa Metashape, mojawapo ya programu za kuchakata picha hizi, huanza na viwango vya 10, 3 na 0.3 kwa mfuatano huo. Vichukueni kama pa kuanzia, kwa maana msitu wa mikoko na uwanja wa mpira havipepetwi sawa. Baada ya kila ungo, iambie programu ikokotoe upya kamera na lenzi kabla ya kuendelea. Kwenye ungo wa tatu usifute zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mkupuo, na ukiona picha au eneo limebaki na nukta za kuhesabika, simama hapo. Makuti yanayopeperushwa na upepo na mawimbi ya bahari huzaa nukta za uongo kwa wingi. Maji ni bora uyafunike tangu mwanzo.

Kisha waje mashahidi. Weka ardhini alama zinazoonekana kutoka juu, uzipime kwa kipokezi cha satelaiti cha wapima ardhi, na uzisambaze pembeni na katikati pia. Ukiwa na alama 10, ipe programu 7 na uifiche 3. Hizi 3 ndizo ninazozisoma kwanza kazi ya mwanafunzi inaponifikia. Kama zile 7 zina kosa la sentimita 2 na hizi 3 zina sentimita 30, modeli imelazimishwa, haijapangwa.

Angalieni pia mfumo wa majira-nukta, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960, wakati droni inaandika kwa WGS84, mfumo wa satelaiti za GPS, na tofauti kati ya mifumo hii hapa kwetu ni takriban mita 300. Vimo navyo vina mtego wake: kwenye pwani yetu usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya duaradufu, yaani umbo laini la dunia la kihesabu ambalo satelaiti hupimia vimo, kwa hiyo ukiona ufukwe una kimo cha hasi ishirini na kitu, usidhani droni imeharibika.

Vijana walirudi kijijini kesho yake asubuhi, upepo haujaanza. Waliweka alama, moja hatua chache kutoka kisimani, wakarusha tena kamera ikiwa imeinama. Jioni tulifungua modeli mpya. Mgongo wa kobe haukuwepo, na kisima kilikuwa mahali pa chini kuliko pote.