Bitcoin si pesa ya gizani

Pale Kibuye, Kisumu, bado nasikia eti Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, haifuatiliki. Sivyo. Jumapili nilimfungulia mpwa wangu, kwenye simu, daftari la Bitcoin linaloorodhesha kila muamala. Ni la wazi, halihitaji nywila. Tukaziona zile Bitcoin 50 za kwanza, za tarehe 3 Januari 2009. Kiasi, saa na anwani (msimbo wa herufi na tarakimu unaopokea sarafu), vyote vipo. Jina tu ndilo halipo, nalo mara nyingi hujulikana ukibadilisha sarafu kuwa shilingi, maana hapo huombwa kitambulisho. Bitcoin zilizoibwa Bitfinex, soko la mtandaoni la sarafu hizi, mwaka 2016 zilifuatwa hatua kwa hatua, na Februari 2022 Marekani ikakamata zaidi ya 94,000. Ila kuonekana si kurudishwa: ukituma kwa anwani isiyo sahihi, hakuna wa kumpigia simu airudishe.